Ugonjwa Walioupa Jina la Jeuri

Daktari aliyemtibu Loi alikuwa kijana, rika la mwanangu wa mwisho, na siku ya kwanza alipotukaribisha chumbani kwake hapa Dodoma mjini aliniuliza swali nililolisubiri karibu miaka arobaini bila kujua kwamba nalisubiri. Loi, binti wa mama yangu mdogo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni anamenya ndizi nyingine kabla hajameza ile iliyokuwa mdomoni. Tumaini, binti yake, alikuwa amemshika mkono. Kijana yule hakukunja uso. Alimwacha ale, akanigeukia. "Mama, katika ukoo wenu kuna mtu mwingine aliyebadilika tabia kabla hajazeeka? Sisemi kusahau. Nasema tabia." Nikainamisha uso. Tumaini alidhani nataka kulia, akanipa leso. Sikuwa na machozi hata tone. Nilikuwa na hasira ambayo ingetosha kupindua ile meza yake, na yeye, maskini, ndiye mtu pekee ambaye hakustahili hata chembe yake.

Nilipomsimulia, alichukua karatasi akachora. Ndani ya seli za ubongo, alisema, kuna njia nyembamba zinazosafirisha mahitaji ya seli kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kuna protini inayoitwa tau ambayo kazi yake ni kuzishikilia zisiyumbe, kama mataruma yanavyoshika reli. Tau si ya aina moja. Ubongo wa mtu mzima hutengeneza aina kadhaa, nyingine fupi, nyingine ndefu, na afya iko kwenye uwiano wake. Katika baadhi ya familia kuna kosa dogo la kurithi, mfano wa herufi moja iliyokosewa katika kitabu kizima, na kwa kosa hilo aina moja huzidi, au hukosa nguvu ya kushika. Basi tau inabanduka, inajikunja, inang'ang'aniana na nyingine, na seli inakufa. "Ugonjwa unategemea imejikunja vipi na imeanzia wapi," alisema. "Protini ni hiyo hiyo. Kwa mtu mmoja inaanza na kumbukumbu. Mwingine anaanza kuanguka ovyo, na macho yanashindwa kutazama chini. Ikianzia hapa mbele," akagusa paji la uso wake, "mtu anakumbuka vizuri, hesabu anapiga vizuri. Kinachoondoka ni haya, ile aibu ya mtu." Akaongeza kwamba bila kipimo cha damu kinachopelekwa nje ya nchi hawezi kuapa, lakini kwa jinsi nilivyomweleza habari za mama yake Loi, angeshangaa sana kama ni kitu kingine. Mama yangu mzazi alipita umri wa miaka themanini na akili zake zote na ukali wake wote, kwa hiyo mimi kosa hilo limenipita. Mtoto wa mwenye kosa hilo, alisema, yuko nusu kwa nusu. Hakumtazama Tumaini aliposema hivyo. Tumaini ndiye aliyemtazama yeye.

Haya. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido nikashika ukuta. Mwaka mzima niliokaa Gulwe, neno hilo ndilo watu walilompiga nalo mama mdogo Damari, mama yake Loi. Hana haya. Kakosa haya mwanamke mzima. Mtu asiye na haya ni sawa na mnyama. Walilisema kanisani, walilisema dukani, walilisema juu ya sahani za chakula alichokipika mwenyewe. Kumbe walikuwa wanataja jina la kidonda. Mtu anakatika mguu, unasimama juu yake unamzomea kwamba hana mguu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, nikapelekwa Gulwe kumsaidia mama mdogo kwenye hoteli yake karibu na stesheni. Hoteli ni neno kubwa. Palikuwa na chumba cha mbele chenye meza ndefu na mabenchi, na nyuma yake jiko la matofali mabichi, kuta nyeusi kwa masizi, lenye mlango mmoja na tundu la kutolea moshi ambalo halikuwahi kutoa moshi wote. Garimoshi likisimama, abiria waliteremka kama nzige na wengine wakaita kutoka madirishani, na mama mdogo alikuwa akiwahudumia wote bila kupaza sauti. Ugali wa uwele, mlenda, nyama ya mbuzi iliyochemshwa na chumvi tu, chai ya rangi, maandazi. Alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Kitambaa cha kufutia mikono kilikuwa kikichemshwa kila jioni, na ole wako uonje mchuzi kwa mwiko uleule unaokorogea. Nyumba ya kulala, upande wa pili wa ua, ilikuwa na sebule yenye viti vilivyovikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, na kabati la vioo ambalo Loi, aliyekuwa bado shule ya msingi, hakuruhusiwa kuligusa. Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati, kwa hiyo neno lililosemwa chumba kimoja lilitembea vyumba vyote. Ndiyo maana najua niliyoyajua.

Jambo la kwanza lilikuwa sukari. Vijana wa leo hawawezi kuelewa sukari ilikuwa nini miaka ile, watu walivyopanga foleni kwenye duka la kijiji tangu alfajiri. Siku moja mchana nikaingia jikoni nikamkuta mama mdogo amesimama na kopo, anachota kwa kijiko anatia mdomoni, kijiko baada ya kijiko, kwa utulivu, kama mtu anayemeza dawa. Nikasema, "Mama mdogo, hiyo si ya chai ya wateja?" Akanitazama. Uso wake haukuwa na aibu wala hasira. Haukuwa na kitu. Akasema, "Ni tamu," akaendelea. Wiki zilizofuata akaanza kuchukua nyama kwenye sahani za watu. Abiria anakula, yeye anapita, anachomoa kipande na vidole vyake, anatafuna huku anatembea. Wa kwanza walicheka wakidhani ni utani wa Wagogo. Mmoja alisimama akamtukana, na mama mdogo, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno zito kuliko "pumbavu", alimrudishia tusi la nguoni mbele ya Loi na mimi, kisha akaendelea kukunja chapati. Kitambaa cha mikono hakikuchemshwa tena. Kwenye msiba wa jirani, wakati wanashusha jeneza, alicheka. Alicheka kwa sauti, akamwonyesha mwanamke aliyekuwa karibu naye jinsi mbeba jeneza mmoja alivyovaa viatu tofauti.

Mumewe, baba mdogo Yoeli, alifanya kazi relini na alikuwa mtu wa heshima, mwimbaji wa kwaya, mwenye suti moja nyeusi aliyoipiga pasi mwenyewe. Nilisikia maneno yake juu ya ukuta, mchana mmoja wa jua kali wakati hoteli imefungwa, akizungumza na dada yake aliyekuja kumtembelea. "Ananidhalilisha makusudi," alisema. "Tarehe anazijua. Bei za kila kitu anazijua. Chenji hakosei. Mtu mwenye wazimu anajua chenji?" Dada yake akajibu, "Hiyo ni jeuri, kaka. Amepata vihela vya hoteli, amepanda kichwani." Mama mdogo alikuwa chumba cha pili, amekaa kitandani kando yangu, anayasikia yote kama ninavyoyasikia mimi. Nilimtazama nione yatamwingiaje. Alikuwa anahesabu mabati kwa kidole.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Baba mdogo alitoa ruhusa kwa kusema, "Nendeni, mkarudi na jibu." Tulipanda garimoshi mpaka Dodoma, na njia nzima mama mdogo aliimba wimbo mmoja wa kwaya, kipande kilekile, mpaka watu wa behewa wakahama viti. Daktari aliyetupokea, jina la hospitali silitaji, alikuwa mtu mzima mwenye miwani, na kikombe cha chai kilikuwa kinafuka mezani kwake. Akauliza, "Mama, leo siku gani?" Akajibu sawasawa. "Rais wetu nani?" Akajibu. "Nikikupa mia, ukinunua vya saba, unabakiwa na ngapi? Endelea kutoa saba." Mama mdogo, aliyeuza chakula madirishani kwa garimoshi linalotaka kuondoka, alitoa saba, akatoa saba, akatoa saba, haraka kuliko daktari alivyoweza kumfuata. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kile kikombe, akanywa chai ya daktari yote mpaka majani ya chini. Aliinywa mbele yake! Ugonjwa ulikuwa umekaa pale mezani, umejionyesha mzima mzima, na msomi yule akautazama akacheka. "Binti," akaniambia, "mama yako mdogo ana akili kunishinda mimi. Hana ugonjwa huyu. Ana jeuri. Mwambieni mumewe amrudi kidogo." Akaandika vidonge vya usingizi.

Nimewahi kuambiwa nisimlaumu, elimu ya wakati ule ilikuwa ndogo. Sawa. Daktari wetu kijana wa sasa naye alikiri kwamba hata leo ugonjwa huu unawapita madaktari wengi, kwa sababu vipimo vya kumbukumbu haviugusi. Simlaumu yule mzee wa miwani kwa kutojua tau. Namlaumu kwa kucheka. Namlaumu kwa ile sentensi ya mwisho, maana baba mdogo aliitii. Tuliporudi Gulwe nilimwambia tu kuhusu vidonge, lakini mama mdogo mwenyewe, ambaye sasa hakuwa na kizuizi chochote kinywani, alimsimulia neno kwa neno: "Kasema unirudi kidogo." Akasema hivyo anatafuna andazi. Jioni ile mimi na Loi tulikaa jikoni na moshi, tukasikia kipigo, na Loi akaziba masikio kwa mikono yenye unga.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kanisani, siku ya meza ya Bwana, alipofikishiwa kikombe hakukirudisha. Alikinywa chote, akamwambia mchungaji, "Ongeza." Watoto walicheka, wanawake wakafunika nyuso kwa kanga, na wiki hiyohiyo wazee wa kanisa wakamtenga. Dada yake Yoeli akaleta mganga, na mganga akamchanja chale kwenye paji la uso, pale pale ugonjwa ulipokuwa, kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na ugonjwa. Chale zikaoza. Nikaziosha kwa maji ya chumvi. Alikaa kimya kama mtoto anayechanwa nywele, na nilipomaliza akasema, "Edina, nina njaa," na ilikuwa ndiyo mara ya mwisho mwaka ule kunitaja kwa jina.

Kikao kilifanyika sebuleni, baada ya chakula cha mchana. Walimchinja mbuzi, maana wakubwa wa pande zote mbili hawawezi kukaa na tumbo tupu hata wanapokuja kumvunja mtu. Nyama ikaletwa kwenye sinia, na kabla sala haijaisha mama mdogo alikuwa ameshaanza kula, mikono miwili, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyemzuia. Walimwacha ale ili awe ushahidi. Baba mdogo Yoeli akasimama na suti yake nyeusi akasema, "Wazee wangu, mimi sikumwoa mtu huyu." Ni neno pekee la kweli lililosemwa siku ile, na yeye aliyelisema hakulielewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kunawia. Nikasema, "Baba mdogo, anaumwa." Mzee mmoja wa upande wetu, upande wetu wenyewe, akanigeukia akaniuliza kwa upole, "Binti, si ulimpeleka hospitali? Daktari alisemaje?" Nikarudi jikoni na birika langu. Daktari alikuwa ameshasema.

Alirudishwa kwa bibi, milimani juu ya Mpwapwa, kwa lori la mkaa. Godoro lake lilifungwa kwa kamba, hoteli ikafungwa, na kabla mtama haujavunwa baba mdogo akawa na mke mwingine. Loi alibaki kwa baba yake kwa sababu ya shule. Asubuhi ya kuondoka alimkimbilia mama yake na kanga aliyoisahau, na mama yake akaipokea bila kumtazama, akaangalia mbele kama abiria yeyote. Loi akanishika gauni. "Dada Edina, mama hanipendi tena?"

"Anakupenda. Anaumwa."

"Anaumwa nini? Mbona hatapiki, mbona hana homa?"

Nilienda chuo nikajifunza kufundisha, nikafundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali la yule mtoto sikulijibu. Mama mdogo Damari alifungiwa katika stoo ya bibi pamoja na magunia ya mtama kwa sababu alikuwa akiingia nyumba za watu kula, na huko ndiko alikokufa, amepaliwa na kiazi alichokisukuma mdomoni kizima. Bibi alikuwa shambani. Kanisa halikumtuma hata mtoto wa kubeba msalaba. Tulimzika sisi wanawake peke yetu.

Loi alikua, akawa mwalimu kama mimi, mwalimu mzuri kuliko mimi, katika shule moja ya msingi wilaya ya Chamwino. Alipoanza kula uji wa wanafunzi na kuwacheka wazazi usoni, mwalimu mkuu aliandika utovu wa nidhamu. Nidhamu! Shule ina simu za kisasa, ina mwalimu mwenye shahada ya saikolojia, na neno walilolipata lilikuwa lile lile la dada yake Yoeli, limevaa tai. Mume wa Loi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilimleta kwangu Nkuhungu, nikafunga kabati za chakula kwa kufuli, nikamkatia kila tonge dogo dogo kama daktari alivyotufundisha, na sikumwuliza kamwe kwa nini amefanya hili au lile. Dawa ya kuuzuia ugonjwa haipo. Daktari kijana aliniambia hivyo bila kuzungushazungusha, na nilimheshimu. Tumaini, anayefanya kazi ofisi moja ya serikali kule Mtumba, alikuja kila jioni kumwogesha mama yake. Kipimo cha damu amekikataa kwa sasa. "Mama mkubwa," aliniambia, "nikitaka kujua nitajua. Kwa sasa nataka kulala." Loi alikufa kwa nimonia mwezi uliopita, kitandani, kwenye shuka safi, kichwa chake kwenye mapaja ya binti yake. Watu waliniambia nimshukuru Mungu. Nilimshukuru, huku nimeuma meno.

Aliomba, alipokuwa bado anaomba vitu, azikwe Gulwe. Baba mdogo Yoeli bado yupo, mzee sana, macho yana ukungu, anatembea na fimbo. Mke wa pili alishatangulia. Baada ya mazishi walimpa nafasi ya kuwashukuru watu, na chini ya turubai lile, mbele ya wazazi wa Baraka, kijana anayetaka kumwoa Tumaini, alisema kwamba binti yake ameondoka na laana iliyotoka kwa mama yake, na akawaomba wachungaji waivunje isiendelee kwa mjukuu. Watu wakaitika amina. Nikaona mama yake Baraka anamtazama mumewe.

Nikasimama. Sikuomba kipaza sauti. Nikasema si laana, ni ugonjwa wa ubongo, una jina, unatokana na protini iliyokosewa, unarithiwa kama rangi ya macho, na Damari alikuwa nao, na kila mtu aliyemchapa, aliyemtenga, aliyemchanja, alimfanyia hivyo mgonjwa. Nilijua ninachokifanya kwa Tumaini. Laana huvunjwa na sala, watu wanasema. Ugonjwa wa kurithi wakwe wanauogopa zaidi. Lakini nilikuwa nimemezea maneno hayo tangu nina birika mkononi na sikuweza tena. Wapishi wakaacha kugonga masufuria. Mzee Yoeli akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Edina," alisema. "Kwa hiyo Damari alikuwa hajui anachonifanyia?"

Niliona anataka nini. Alitaka nimwambie alijua kidogo, nusu, siku nyingine alijua. Kwa hicho kidogo angeweza kufa kwa amani.

"Hakujua, baba mdogo," nikasema. "Aliyekuwa anajua anachofanya ni wewe."

Akapapasa nyuma yake kwa fimbo akitafuta kiti. Hakuna aliyemsogelea, wala binamu zake, wala wachungaji. Sikumwonea huruma. Nilingoja nione kama itakuja, haikuja. Chakula kikaanza kupakuliwa kwa haraka, kama watu wanavyofanya wanapotaka jambo lipite, na wote wakahudumiwa ila yeye, kwa sababu kumhudumia sasa kulikuwa ni kuchagua upande. Ndipo nikamwona Tumaini anapita katikati ya viti na beseni na jagi. Akapiga magoti mbele ya babu yake, akammiminia maji mikononi, akamfuta kwa kanga yake mwenyewe, akamwekea sahani mapajani na kumkatia nyama vipande vidogo vidogo, kama tulivyomkatia mama yake.

Nilimfuata nyuma ya jiko. "Yule? Yule ndiye unampigia magoti?"

"Mama mkubwa, umesema kweli na ilibidi isemwe. Baraka nilishamwambia zamani, atakaa au ataondoka." Alikuwa anasuuza jagi, hakuinua macho. "Lakini mimi siwezi kumnyima mtu chakula kwa makosa yake. Sijui kesho nitafanya nini mbele za watu. Sijui nani atakubali kunilisha."

Akachukua sahani nyingine, akarudi kule mbele. Mimi nilibaki pale na moshi. Hasira yangu haijanitoka mpaka ninapoandika haya, na siiombei itoke. Ila tangu siku ile, mchana nikiwa peke yangu, ninajizoeza kukata nyama vipande vidogo zaidi.